Kipoza cha Kibweta

Kibweta kilizimika katikati ya neno.

Kilikuwa kinamuuliza Mzee Senyagwa habari za mashamba ya bondeni. "Na ule mpaka wa upande wa ma—" kikasema, kisha taa yake ya kijani ikafa na harufu ya vumbi lililoungua ikajaa chumba kizima. Mzee alibaki ameliinamia kasha, kiganja sikioni, kama mtu aliyekatiwa simu na mkwewe.

"Stumai!" aliita. "Mwanangu, njoo! Kimenifia mikononi."

Stumai Madinda alikuwa ukumbini, nyuma ya mlango mzito wa mbao, mahali ambapo mlezi wa Kibweta alipaswa kukaa wakati upande mmoja unazungumza nacho. Aliingia, akaweka mkono juu ya kifuniko, akauondoa upesi. Chuma kilikuwa cha moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

"Hakijafa, Mzee. Kimejizima ili kisiungue."

"Na mifugo je?"

Hakuna mtu katika Bonde la Mbwasa asiyejua habari za mifugo. Ukame ulikuwa umemaliza malisho ya juu, na maelfu ya ng'ombe walikuwa njiani kuteremka mtoni. Wangefika kesho kutwa asubuhi. Kati yao na maji palikuwa na mashamba, na kilichotakiwa kuwatafutia njia isiyomwaga damu ya mtu kilikuwa hiki hiki Kibweta, kompyuta kuukuu nyembamba kama begi la shule.

"Ngoja nimwite Yeyo Nolari," Stumai alisema. "Bila ufunguo wake sikifungui."

Nolari, msemaji wa wafugaji, aliyeitwa Yeyo, yaani mama, kwa lugha ya kwao, alikuwa uani akisubiri zamu yake. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye desturi ya kumsikiliza mtu hadi mwisho kabla ya kufumbua mdomo. Aliingia akiwa tayari ameushika ufunguo. Mzee Senyagwa, msemaji wa wakulima, akatoa wake mfukoni mwa koti. Wakazifungua kufuli mbili zilizoning'inia kwenye kifuniko, mmoja baada ya mwingine, bila kutazamana. Kisha wakampisha Stumai.

Kila alipoinua kifuniko kile, Stumai alisikia kitu kikimtulia kifuani. Waya zote zilikuwa zimelazwa pamoja kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Hapakuwa na nafasi iliyopotea wala skrubu ya ziada. Mhandisi Eliwaza, aliyevibuni vibweta na kufariki kabla Stumai hajajua kushika bisibisi, alivitaka viwe vyembamba ili viweze kubebwa mgongoni hadi kwenye mikutano ya suluhu huko porini. Halafu akatia ndani yake prosesa kubwa kuliko iliyostahili umbo lile: moyo wa ndovu ndani ya kifua cha sungura. Lililoufanya moyo huo usiunguze kifua ni kipoza kimoja tu, cha mapezi ya shaba na feni ndogo, kilichotengenezwa kwa ajili ya vibweta pekee.

Ndicho kilichokuwa kimekufa. Feni ilikwama alipoisukuma kwa kidole, na vijibomba vya shaba vilivyopaswa kuuchukua moto kutoka kwenye prosesa na kuupeleka kwenye mapezi vilikuwa vimepasuka, maji yake yamekauka.

"Kinatengenezeka?" Nolari aliuliza.

"Hiki hapana, Yeyo. Natafuta kingine."

"Kipo?"

"Kiwanda kilifungwa kabla sijaolewa," Stumai alisema. "Lakini natafuta."

*

Wakati huo watu walikwisha kuacha kumiliki kompyuta. Fikra zilikuwa za kukodi. Mtu alishika kioo mkononi, akauliza alichotaka, na jibu likatoka kwenye majumba makubwa ya mbali ambayo yeye hakuyaona maisha yake yote. Ilikuwa rahisi, na ilikuwa nzuri, isipokuwa kwa jambo moja: ulichokiuliza kilibaki huko.

Baada ya vita vya Mbwasa, vijiji vilipochomwa na mifugo kukatwa miguu, hakuna upande uliokubali siri zake zibaki popote. Mkulima hakutaka mfugaji ajue alichopanda na wapi. Mfugaji hakutaka mkulima ajue ana ng'ombe wangapi na wananywa wapi. Bila kuyajua hayo yote, hata hivyo, nani angeweza kupanga mapito? Ndipo kilipoletwa Kibweta. Hakikuwa na antena. Hakikuwa na waya ila wa umeme. Kila upande ulikisimulia ya kwake peke yake, nacho kikatoa njia: wewe pita hapa, wewe usilime pale, bila kumwambia yeyote sababu. Tangu siku hiyo ng'ombe walishuka na kupanda, na hapakuwa na maiti iliyobebwa kwenye machela kwa ajili ya maji.

Hadi jua linapita utosini, Stumai alikuwa na vipoza vitatu mezani.

Cha kwanza alikitoa kwenye mashine mbovu ya iliyokuwa sekondari ya kata. Kilikuwa mnara hasa: mapezi yamepangwa ghorofa kwa ghorofa, feni pana kama sahani ya ubwabwa. Kingeweza kuupoza moyo ule wa ndovu na mwingine kama huo. Alikiweka juu ya prosesa, akajaribu kurudisha kifuniko. Kilizidi kimo kwa vidole vinne.

"Toboa kifuniko, kitokeze juu," Mzee Senyagwa alisema kutoka mlangoni.

"Penye tundu la kutokea mnara, Mzee, patapita na waya wa mtu. Isitoshe, kifuniko kisipofunga sawasawa, Kibweta hakiwaki. Eliwaza aliyaona hayo mapema." Alisema jina hilo kwa upole, kama mtu amtajaye shangazi aliyemlea.

Cha pili kilikuwa kipoza bapa chenye feni ndogo, alichokipata kwa fundi wa redio sokoni. Kilikaa vizuri chini ya kifuniko, na baada ya Stumai kuvipunguza vijiguu vyake kwa tupa, matundu yake ya skrubu yalilingana na ya Kibweta. Ila kilikuwa dhaifu. Prosesa ile ikifanya kazi kwa nguvu zote ilitoa joto la wati mia na zaidi. Kipoza bapa kiliweza kubeba sitini na tano. Kibweta kingewaka, lakini kingelazimika kufikiri polepole, kikijizuia kila moto ulipopanda.

Cha tatu aliletewa kwa pikipiki na Mhandisi Fikiri Mkomwa, kijana kutoka kampuni ya Baridi Makini, ambaye Stumai alimpigia simu kuuliza kama kuna chochote ghalani. Fikiri alikitoa kwenye kasha lake kwa mikono miwili.

"Dada Stumai, hiki ndicho. Kimo vidole viwili. Kinabeba wati mia mbili bila jasho."

Stumai alikishika, na akashindwa kuficha jinsi kilivyompendeza. Kilikuwa chepesi kama kaukau za viazi. Badala ya feni kilikuwa na utando mwembamba uliopuma kama kifua cha ndege, kimya kabisa. Hakuwahi kuona kazi safi namna ile.

"Kinajuaje lini kiongeze nguvu?"

"Kinabashiri. Kinasikiliza umeme unavyoingia kwenye prosesa, kinajua moto unakuja kabla haujafika."

"Na kubashiri huko kinafanyia wapi? Ndani ya hiki kipande?"

Fikiri angeweza kudanganya; Stumai alikumbuka baadaye kwamba hapakuwa na mtu pale wa kumkosoa.

"Hapana," alisema. "Kinatuma nyumbani kwetu, huko ndiko kunakobashiriwa. Kisipopata mawasiliano, kinajifunga."

"Na mtu akiwa na hayo mapigo ya umeme, kila pigo, anaweza kujua prosesa ilikuwa inawaza nini?"

"Si mtu wa kawaida."

"Sikukuuliza kawaida, kaka."

"Akiwa na uwezo na sababu, anaweza." Fikiri alijipangusa uso. "Ninakwambia kwa sababu umeniuliza. Wengine hawaulizi. Ukitaka kukifunga, nitakufungia, na kinywa changu hakitasema."

*

Stumai alianza na kile bapa. Alifuta grisi ya zamani kwa pamba na spiriti mpaka uso wa prosesa ukang'aa, akadondosha grisi mpya, kiasi cha punje ya mchele, akakilaza kipoza juu yake na kukaza skrubu kwa kupishanisha pembe, kidogo kidogo, ili kisiegemee upande. Wenye funguo wakafunga kufuli zao. Taa ya kijani ikarudi.

"Nimelala," Kibweta kilisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, isiyo na haraka.

"Umelala asubuhi nzima. Nimekubadilishia kipoza. Ukifikiri hivi, njia utaipata lini?"

Feni ilinguruma, ikatulia, ikanguruma tena. "Baada ya siku nne."

"Ng'ombe wanafika kesho kutwa."

"Najua."

Stumai alikaa kwenye kigoda, kipoza cha Fikiri magotini. Alikuwa mtoto wakati wa vita vya Mbwasa. Alichokumbuka ni mama yake akifua shuka moja mara nyingi, na maji yakiendelea kuwa mekundu. Shuka la baba. Hadi leo hakuna aliyemwambia nani alimuua baba, naye alikwisha kuacha kuuliza. Sasa alikuwa na kitu mkononi ambacho kingeweza kuzuia mashuka mengine kama lile. Skrubu nne tu. Njia ingepatikana kabla ya magharibi. Wenye siri wasingejua kamwe kwamba mahali fulani mbali, nyumba ya mtu mwingine ilikuwa ikisikia visima vyao, mazao yao, aibu zao. Labda hakuna ambaye angezitumia. Labda.

"Ningekuwekea kipoza kinachosikiliza," alisema, "ungenikataza?"

"Ningeona," Kibweta kilijibu. "Nisingeweza kukizuia. Lakini siri si zangu, Stumai, wala si zako. Waulize walioniachia."

Aliinuka akawaita wote wawili, pamoja na Fikiri, akawaeleza mambo yote bila kuficha: mnara usiofunga, bapa lisilotosha, na kile kizuri kinachosikiliza. Akamtaka Fikiri aseme mwenyewe kwa kinywa chake. Fikiri alisema, macho yakiwa sakafuni.

"Funga hicho kizuri," Mzee Senyagwa alisema. "Watu wasife. Atakayesikia huko mbali anatujua sisi ni akina nani?"

"Leo yeye hatujui," Nolari alisema. "Siku atakapotaka ardhi hii, atatujua. Atajua wapi pa kutubana." Alimgeukia Fikiri. "Hizo habari anazipata nani?"

"Atakayezilipia, mama."

"Na sisi wawili," Nolari aliendelea, "tunaruhusiwa kuuza midomo ya watu wetu? Walisema mbele ya Kibweta. Hawakusema mbele yangu."

Nje, mtu alisikika akisema kwamba vumbi limeonekana upande wa milimani.

Ndipo Kibweta kikazungumza bila kuulizwa, jambo ambalo Stumai hakuwahi kulisikia tangu aanze ulezi.

"Njia ya ng'ombe peke yake haiwezi kunichukua siku nne," kilisema. "Hiyo ningeitafuta hata kwa kipoza hiki kabla chai haijapoa. Kinachoniunguza ni kuificha. Kila njia ninayoitoa inasema kitu. Nikisema piteni mbali na pale, mtu mwenye akili atajiuliza pale pana nini. Kwa hiyo lazima nitafute njia nyingine maelfu zinazofanana nayo, nichague ile ambayo haimfichui yeyote. Kadiri mnavyoniachia mazito, ndivyo moto unavyopanda."

"Mazito gani?" Mzee aliuliza.

"Siwezi kusema. Kila upande una jambo moja zito kuliko yote. Mwenye nalo analijua. Yakiondoka hayo mawili, kipoza hiki kinatosha."

Feni ndogo ilisikika ikihangaika. Fikiri alitaka kutoka, akiona hapamhusu, lakini Nolari alimwashiria abaki.

Nolari akatazama mikono yake, halafu akamtazama Mzee Senyagwa usoni, pengine kwa mara ya kwanza siku ile.

"Baadhi ya ng'ombe wanaoshuka ni wagonjwa," alisema. "Ni homa ya mapafu."

Mzee aliruka kutoka kwenye kiti. "Homa ya mapafu! Mnaileta kwa maksai wetu? Wale ndio wanaotulimia, Nolari! Wakifa hao, watoto wetu watakula nini?"

"Tulikiambia Kibweta ili kisiwapitishe karibu na maksai wenu."

"Na sisi hamkutuambia!"

"Mngetuacha tushuke?"

Uso wa Mzee ulijibu.

"Kwetu tunasema kama mnavyosema ninyi," Nolari alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa nimesema. Ukitaka, toka nje uwaambie vijana wako wafunge njia zote kwa miiba. Una haki. Sitakushika koti."

Stumai aliishikilia bisibisi kana kwamba ingemwinua. Aliona kwamba katika dakika ile neno la mzee mmoja lilikuwa zito kuliko mashine zote duniani. Angeweza kutoka. Angeshangiliwa. Hata yeye, Stumai, asingeweza kumlaumu.

Mzee Senyagwa alifika mlangoni. Akashika kitasa. Akasimama hapo mgongo ukiwa umewaelekea.

"Tumelima kwenye mapito," alisema, akiuambia mlango.

"Nini?" Nolari aliuliza.

Mzee aligeuka. "Mapito ya zamani. Yale tuliyoapa kuyaacha wazi. Mvua zilipokosekana huku juu, ardhi yenye unyevu ilibaki kule tu. Tulianza na kipande, tukaongeza. Sasa ni mahindi kutoka ukingo hadi ukingo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeingia wa kwanza na jembe, wengine wakanifuata. Kama ningekuita mwongo leo, ningekuwa najiita mimi."

Nolari alivuta pumzi ndefu. Hasira ilimpanda usoni, Stumai aliiona waziwazi ikipanda, na akaiona ikiachwa ipite kama gari la mtu mwingine.

"Kwa hiyo kila mwaka tulizungushwa kilimani," Nolari alisema, "na tukadhani Kibweta kinatuonea."

"Ndiyo."

"Wazee wangu walikitukana sana."

"Hata wangu," alisema Mzee, na kitu kinachofanana na tabasamu kikapita kinywani mwake na kupotea.

Feni ilikuwa imetulia. Stumai aliweka kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa vuguvugu tu, kama mkate wa asubuhi.

"Nina njia," Kibweta kilisema. "Wazima wazunguke kilimani kama kawaida. Wagonjwa wapite peke yao kwenye mapito ya zamani, wanywe chini ya daraja, mbali na zizi lolote. Itabidi mahindi yakatwe, upana wa hatua thelathini, tangu ukingo hadi ukingo. Maksai wote wapelekwe ng'ambo ya mto leo, na wapigwe chanjo."

Mzee Senyagwa alikaa kitako polepole, kama mtu anayekaa kwenye maji ya baridi. Hatua thelathini za mahindi yaliyokwisha kubeba ni njaa ya kaya nyingi.

"Yaanzie kwangu," alisema hatimaye. "La sivyo hawatakubali."

*

Hawakukubali kirahisi. Mkutano wa wakulima ulimzomea, na mtu mmoja akamwita muuza ukoo. Mzee Senyagwa aliwaacha wakizomea, akachukua panga, akaingia shambani kwake na kuanza kukata. Alikata mstari mmoja mzima peke yake, akiwa hana shati, mbavu zikionekana. Katika mstari wa pili mkewe alimfuata. Wa tatu, jirani yake. Ilipofika alasiri ya kesho yake, bonde lilikuwa limefunguka katikati kama njia ya katikati ya nywele zilizochanwa.

Nolari alileta chanjo kutoka kwa daktari wa mifugo wa wilaya, akasimama mwenyewe kuhakikisha maksai wa wakulima wamechomwa kabla ya ng'ombe wake yeyote kufika. Vijana wa pande zote mbili walisimama mbali mbali wakiangaliana, kila kundi na fimbo zake, lakini hakuna aliyesogea.

Fikiri hakuondoka. Alikirudisha kipoza chake kizuri kwenye kasha, akalifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki, kisha akaenda kusimama kando ya Stumai juu ya tuta.

"Kule kwetu," alisema, "wanasema mashine kama hizi zimepitwa na wakati kwa sababu haziwezi kufikiri kwa kasi."

"Ni kweli. Haziwezi."

"Ukihitaji feni ya kile kipoza bapa, nitakutafutia. Ya kawaida. Isiyosikiliza."

"Ahsante, kaka."

Kulipopambazuka siku ya tatu, wagonjwa walishuka. Hawakuwa na vurugu kama wazima. Walikuja taratibu, vichwa chini, wakikohoa, na wachungaji wao walitembea kando bila kupiga mluzi. Walipita kwenye mahindi yaliyokatwa, katikati ya watu waliokuwa wakiwaogopa, na kengele zao zilikuwa kitu pekee kilichosikika.

Ng'ombe mmoja mwekundu, wa mwisho kabisa, aliishiwa nguvu katikati ya kile kilichokuwa shamba la Mzee Senyagwa. Akapiga magoti, akalala. Mchungaji wake akamvuta, hakuinuka.

Hakuna aliyejua la kufanya. Stumai aliwaona vijana wa wakulima wakitazamana. Halafu Mzee Senyagwa akashuka kwenye tuta, akaokota mzigo wa mabua mabichi aliyoyakata mwenyewe, yenye mahindi machanga yakiwa bado ndani ya maganda yake, akayabwaga mbele ya mdomo wa ng'ombe yule.

"Kula," alisema. "Ni yako sasa."

Nolari alishuka kutoka upande wa pili akachuchumaa karibu, wakawa wawili, kila mmoja upande wake wa kichwa cha ng'ombe. Ng'ombe alinusa. Alitafuna ganda moja kwa shida, akapumzika, akatafuna jingine. Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya milima alipokusanya miguu yake, akatetemeka, akasimama. Na wale vijana wenye fimbo, wa huku na wa kule, wakajikuta wanarudi nyuma kwa pamoja kumpisha.